Maoni ya Bi Mwanaidi Juu ya Vitabu vya Ndege

Miaka ile ya mwanzo wa tisini, ukiazima kitabu katika chumba kidogo cha kusomea kilichokuwa nyuma ya soko pale Morogoro mjini, na ndani ya kitabu hicho mkawa na ndege, basi ungekutana na karatasi ya Bi Mwanaidi. Ilikuwa karatasi ya daftari iliyochanwa kwa mkono, imebandikwa kwa uji wa muhogo ndani ya jalada la nyuma. Mwandiko wake ulikuwa mkubwa na umelalia kushoto, mwandiko wa mtu aliyeshika kalamu ukubwani. Bi Mwanaidi hakuwa mkutubi. Alikuwa mhudumu: alifagia, alifuta vumbi, alichemsha chai ya saa nne. Lakini kila kitabu chenye ndege alikisoma, na akikimaliza alisema lake, na lake kwa kawaida halikuwa la kumfurahisha mwandishi.

Katika kitabu kimoja cha mashairi aliandika: "Huyu bwana anasema ndege huimba alfajiri kwa furaha. Hajawahi kuamia huyu. Ndege akiimba alfajiri anawaita wenzake waje kula. Kitabu kinamfaa mtu ambaye chakula chake kimeshaingia ghalani." Katika hadithi ya watoto, ambamo mkulima mwema anawamwagia ndege mtama uani ili wamzoee, aliuliza mtama ule ulipaliliwa na nani. "Mke wa mkulima hatajwi mpaka ukurasa wa kumi na moja," aliongeza, "na hapo yuko jikoni." Ndege mmoja tu alipata sifa zake, naye alikuwa bundi. "Watu wanamwonea. Bundi anakula panya. Katika ndege wote wa utoto wangu ni yeye peke yake aliyekuja shambani kufanya kazi."

Leonard, mkutubi, kijana mstaarabu aliyetoka chuoni na funguo mpya mfukoni, alijaribu kumkataza.

"Bi Mwanaidi, mama yangu, vitabu hivi ni mali ya umma."

"Na mimi ni nani, bwana Leonard? Mimi si umma?"

Leonard alirudi kwenye daftari lake la kuazimisha. Baadaye aligundua kwamba vitabu vyenye karatasi zile ndivyo vilivyoazimwa zaidi, watu wakivifungua nyuma kwanza, akaacha kukataza. Aliomba tu uji uwe mwepesi, maana mende walikuwa wameanza kuupenda.

Sasa usidhani mama huyu alikuwa na kichaa cha ndege. Alikuwa na sababu, na sababu yenyewe ukiisikia utakasirika na wewe.

Alizaliwa upande wa Matombo, kwenye miguu ya milima ya Uluguru, katika bonde walilolima mpunga na mtama. Mpunga ukitoa masuke, ndege huja, na ndege wakija lazima mtu aamie. Kuamia si mchezo. Ni kukaa juu ya dungu, kile kichanja cha miti katikati ya shamba, kuanzia kabla ya jua kuchomoza mpaka lizame, unapiga debe, unarusha vidonge vya udongo kwa kombeo, unapiga kelele mpaka koo linatoa damu. Kazi hiyo alipewa Mwanaidi akiwa na miaka minane. Kaka yake Salum, aliyemzidi miaka miwili, alipelekwa shule.

Mwanaidi aliuliza na yeye atakwenda lini. Kwa Waluguru mwenye kauli juu ya watoto ni mjomba, ndugu wa mama, na mjomba wao alimjibu kwa upole kabisa, huku akimshika kichwa, "Mwaka huu ndege ni wengi, mwanangu. Mwakani." Mwakani ndege wakawa wengi. Mwaka uliofuata wakawa wengi zaidi. Kisha Mwanaidi akavunja ungo, akawekwa ndani, na habari ya shule haikutajwa tena na mtu yeyote, kana kwamba ilikuwa ndoto aliyoiota peke yake.

Basi aliwachukia ndege. Utamlaumu? Mtoto ameonyeshwa kwa kidole adui yake ni nani, na adui huyo kila asubuhi anakuja kwa maelfu. Aliolewa, akaachika kwa kukosa mtoto, akateremkia mjini, na wakati wa kisomo cha watu wazima, akiwa na miaka thelathini na mitatu, alikaa kwenye benchi pamoja na vikongwe akajifunza herufi. Siku aliyosoma ukurasa mzima bila kusaidiwa alilia, kisha akauliza kama kuna kitabu kinachozungumzia ndege. Alitaka kuona kama wameandikwa ukweli wao. Hakukuta ukweli. Alikuta sifa: ndege mwema, ndege huru, ndege mjumbe wa mapenzi. Ndipo alipoanza kubandika karatasi.

Ruksa ya biashara huria ilipoingia, vitu vikafurika. Khanga za kuchagua zilirudi dukani, redio za kaseti zikapiga kila kona, na vitabu navyo vikaja kwa makontena kutoka ng'ambo, vya msaada, vyote vya Kiingereza. Bi Mwanaidi Kiingereza hakukijua. Lakini alikuwa na Aisha.

Aisha alikuwa mtoto wa mdogo wake wa kike wa mwisho, ambaye alifariki Aisha akiwa na miaka mitatu. Baba alikwenda Dar es Salaam akawa wa huko huko. Bi Mwanaidi, mama yake mkubwa, alimchukua akamlea mtaa wa Mwembesongo, katika chumba kimoja chenye kitanda kimoja. Mwaka tunaouzungumzia alikuwa na miaka kumi na mitatu, darasa la saba, mwembamba, mbishi, na kamusi ya Leonard ilikuwa imehamia kwake moja kwa moja. Alasiri walikaa kwenye mkeka uani. Aisha alisoma sentensi, akakunja uso, akafunua kamusi, akatafsiri. Bi Mwanaidi alisikiliza huku akichambua mchicha, na maoni yakatoka.

Kuhusu kitabu cha picha kutoka nchi ya baridi aliandika: "Huko kwao ndege anasubiriwa dirishani apewe makombo ya mkate. Sisi juzi juzi tu mkate tuliupangia foleni tukarudi mikono mitupu. Aisha anasema ndege huyu ni mzuri, ana kifua chekundu. Sina ugomvi naye, ila asije huku." Kuhusu kitabu kinene cha watafiti waliopanda Uluguru na darubini zao alikasirika siku mbili nzima kabla ya kuandika. "Wanasema ndege huyu yuko Uluguru tu, dunia nzima hayupo. Kisha wakampa jina la Mzungu mwenzao. Bibi yangu alimwita kwa jina lake kila asubuhi akienda kisimani. Bibi hakuulizwa."

"Alikuwa anamwitaje, mama mkubwa?" Aisha aliuliza.

Bi Mwanaidi alianza kulitaja. Jina lilikuwa limempotea. Aliurudia mchicha wake.

Kitabu kilichompindua, hata hivyo, hakikutoka ng'ambo. Kilikuwa kijitabu cha kilimo, kurasa ishirini na nne za karatasi mbaya, kuhusu kwelea kwelea, wale ndege wadogo wenye midomo myekundu wanaotembea makundi kwa makundi. Bi Mwanaidi alikisoma akitikisa kichwa kwa kuridhika. Hapa hapakuwa na kuimba kwa furaha. Hapa kundi moja lilimaliza shamba kwa siku mbili. Alikuwa ameshaanza kukoroga uji wa kukisifu alipofika ukurasa wa kumi na tisa, penye ushauri kwa mkulima mdogo: atumie nguvu kazi ya familia kuamia mazao yake.

Alirudia sentensi ile mara tatu. Kisha aliandika, na kalamu ikatoboa karatasi: "Kitabu hiki ndicho cha kwanza kusema kweli juu ya ndege, na ndicho kilichonikera kuliko vyote. Nguvu kazi ya familia ni nani? Baba? Hapana. Kaka? Hapana. Mjomba? Hapana. Nguvu kazi ya familia nilikuwa mimi. Nilikuwa na miaka minane."

Baada ya kubandika, alikaa kwenye kiti cha Leonard, jambo ambalo hakuwahi kulifanya. Miaka arobaini na zaidi alikuwa amewashitaki ndege. Ndege walikula mpunga, kweli. Lakini hakuna ndege aliyewahi kumshika kichwa na kumwambia mwakani.

Jumapili iliyofuata Salum alibisha hodi.

Huyu Salum alisoma mpaka darasa la nane, akawa karani wa chama cha ushirika, na tangu atoke shule hakufungua kitabu kingine isipokuwa cha risiti. Biashara ilipofunguliwa akaacha ukarani. Leo mahindi na karanga za Gairo, kesho mchele. Mwaka ule alikodi majaruba ya mpunga Dakawa, na kwa kuwa alikuwa Gairo akifukuzia bei wakati wenzake wanapanda, mpunga wake ulichelewa. Wenzake walikuwa wanamalizia kuvuna. Wake ndio kwanza ulikuwa na masuke mabichi, na kila kwelea wa bonde lile alikuwa amebakiwa na sahani hiyo tu.

"Shikamoo mjomba," Aisha alisema.

"Marahaba. Funga nguo zako, tunakwenda Dakawa. Wiki tano tu za kuamia."

Bi Mwanaidi aliweka chini kikombe. "Kaka, Jumatano Aisha anaanza mtihani wa darasa la saba. Jumatano na Alhamisi."

"Najua. Lakini mwaka huu ndege ni wengi."

Aliisema hivyo hivyo, kwa upole ule ule wa mjomba wao. Bi Mwanaidi alikisogeza kikombe pembeni.

"Ajiri mtu."

"Mtu anataka gunia zima. Gunia zima nimpe mtu baki na mtoto yupo nyumbani? Mtoto wa dada yangu ni wangu, Mwanaidi. Hilo unalijua."

"Wa kuamia ni wako. Wa kununuliwa sare alikuwa wa nani?"

Salum alikohoa. Alisema mambo ya sare wasiyachanganye na mambo ya shamba. Alisema msichana hata akifaulu, nafasi za sekondari ziko wapi? Alisema mengi, na Aisha akiwa amesimama pale pale na daftari la Hisabati kifuani, akimtazama mama mkubwa wake bila kupepesa.

"Nitakwenda mimi," Bi Mwanaidi alisema.

Salum alicheka. "Wewe? Na magoti hayo?"

"Magoti haya yalijifunza kazi hiyo wewe ukiwa darasani."

Kesho yake alimwomba Leonard ruhusa ya wiki, akamwacha Aisha kwa jirani, akapanda gari la Dakawa. Majaruba yalikuwa yametandaa mpaka macho yachoke, mengi yameshavunwa na yamebaki mabua, na katikati yake eka nne za Salum zimesimama kijani peke yake. Aliyebakiwa na mpunga karibu yake alikuwa mzee mmoja tu, Yunusi, mwenye kipande kidogo ng'ambo ya mfereji. Yunusi ndiye aliyemweleza sharti la wenye mashamba: saa za ndege, yaani asubuhi na jioni, dungu halikai tupu. Ukiliacha tupu, kundi linatua kwako, likishiba nusu linahamia kwa jirani. Aliyekiuka hakodishiwi tena Dakawa.

"Hata awe nani?" Bi Mwanaidi aliuliza.

"Hata awe nani, dada yangu. Tumemfukuza mpaka diwani mstaafu."

Jumanne aliamia. Jumatano aliamia. Dungu lilikuwa la miti mibovu, iliyofungwa na mtu asiyetarajia kulipanda mwenyewe. Mwili ulikumbuka kila kitu kabla yake: kombeo lizungushwe mara ngapi, kundi ligeuzwe kutoka upande wa upepo kabla halijashuka, maana likishashuka kelele zako ni bure. Asubuhi ya Jumatano, jua lilipofika usawa wa mikorosho, alijua ni saa mbili na nusu, na kwamba Aisha amegeuza karatasi yake ya kwanza. Alipiga debe kwa nguvu hadi Yunusi akauliza kulikoni. Kufikia saa saba sauti ilikuwa imekauka, imebaki mikwaruzo. Aliendelea kwa debe na kombeo.

Saa kumi na nusu Salum alikuja. Alikuwa amevaa suruali ya tetroni iliyopigwa pasi na viatu vya kamba, akitembea juu ya tuta kwa uangalifu ili asijichafue. Alizunguka kona za shamba, akaokota masuke mawili yaliyonyonywa, akarudi chini ya dungu.

"Wanakushinda," alisema.

Bi Mwanaidi alijibu kwa sauti ya kukwaruza kwamba kona ile ililiwa kabla hajafika.

"Sikulaumu, umri umekwenda. Sasa sikiliza. Lori la saa kumi na moja linarudi mjini. Nitalipanda, nimchukue Aisha jioni hii hii, alfajiri awe hapa. Ameshafanya siku moja. Siku moja inatosha, wakubwa wakitaka kuona akili yake wataiona."

"Kesho ni Hisabati," alisema Bi Mwanaidi.

"Mwanaidi."

"Kesho ni Hisabati, kaka. Asipoingia kesho, hata leo imekufa."

"Nimeshaamua."

Ndivyo alivyosema, nimeshaamua, huku akifuta vumbi kwenye kiatu chake kwa suke la mpunga. Mwanamke huyu alikuwa ameunguza koo lake siku mbili juu ya mali ya mtu huyu, ili mtoto mmoja akae kwenye dawati siku mbili. Na mtu huyu hakuona hata sababu ya kunyanyua macho.

Upande wa mto, juu ya matete, wingu jeusi lilikuwa limeanza kuinuka na kujikunja. Kwelea wa jioni. Bi Mwanaidi aliliona. Salum hakuliona, maana hakujua atazame wapi.

Bi Mwanaidi alishuka. Alishuka taratibu, ngazi kwa ngazi, magoti yakilia, mpaka akasimama mbele ya kaka yake. Alimwekea kombeo mkononi, na juu yake kidonge cha udongo ambacho hakijakauka.

"Panda," alisema.

"Nipande wapi?"

"Saa za ndege hizi. Dungu halikai tupu."

"Mwanaidi, usiniletee utoto hapa!"

"Utoto niliumalizia juu ya dungu, kaka. Wewe ulikuwepo, ila ulikuwa njiani kwenda shule."

Aliokota kikapu chake na kuanza kutembea juu ya tuta kuelekea barabarani, ambako lori lilikuwa linapakia magunia. Salum alimfuata hatua nne, tano, akimwita kwanza kwa ukali, halafu kwa jina la utotoni, halafu kwa jina la marehemu mama yao. Ndipo ng'ambo ya mfereji Yunusi alipopaza sauti.

"Bwana Salum! Bwana Salum we! Dungu tupu! Wanashuka hao!"

Salum alisimama. Alitazama lori, akatazama mpunga, akatazama lile wingu ambalo sasa hata yeye aliliona. Eka nne. Akipanda lori, kufikia machweo hana shamba, na mwakani hana pa kukodi. Asipolipanda, Aisha anaingia Hisabati. Alisimama hapo muda mrefu kuliko ndege walivyomruhusu. Kisha aligeuka, akakimbia, mguu mmoja ukazama kwenye tope mpaka kwenye goti.

Bi Mwanaidi alipandishwa juu ya magunia na vijana wawili, akakaa akitazama nyuma. Alimwona kaka yake juu ya dungu, suruali imeganda tope, anapunga mikono yote miwili na kupiga kelele isiyo na mpango, kama mtu anayeomba msaada. Alikuwa amesimama upande usio wa upepo. Kundi lilimpita juu ya kichwa, likateremka nyuma yake taratibu bila wasiwasi wowote.

Kosa lake lilikuwa dogo. Dawa yake ilikuwa kuhama hatua tatu tu, na kuanza mapema kidogo. Hata kwa sauti ile iliyobaki dada yake angeweza kumweleza, na lori lilikuwa bado halijaondoka. Bi Mwanaidi alivuta khanga, akajifunika koo lake lililokuwa linauma, akamwambia dereva kwamba yeye yuko tayari.